Kanuni Iliyolala Mezani

Msiniulize Ngwali alifikaje Usinzia. Alipotea njia akatokea huko, na aliporudi hakuweza kuionyesha tena. Anayetaka habari za milima na vivuko amtafute msimulizi mwingine. Mimi nitawapa nchi yenyewe kama nilivyoipokea kwake, na Ngwali si mtu wa kutia chumvi. Alikuwa karani mstaafu wa halmashauri, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na alikuwa na udhaifu wake: kila mji alioingia alitaka kwanza kuona mahali sheria zinapopitishwa. Watu wengine huuliza soko liko wapi.

Alipanga chumba cha mbele kwa Bi Mosi, mjane wa makamo, katika mtaa ulioitwa Mtoni. Mto haukuwapo. Kilichokuwapo ni kisima uani kwa Bi Mosi, alichokichimba marehemu mumewe mpaka akafikia maji matamu, na mtaa mzima uliteka hapo asubuhi na jioni. Bi Mosi mwenyewe aliishi kwa matuta yake ya mchicha na tembele yaliyokizunguka kisima hicho. Maji alitoa bure, na maneno pia: hakuna aliyejaza ndoo bila kusikia la kwake, kama si habari za paa lake linalovuja basi ni za ndevu zake.

"Unataka kwenda Barazani?" alimwuliza mgeni wake. "Nenda, mwanangu. Ila ukifika vua viatu. Na kama una mafua bakia nyumbani, wasije wakadhani una chama."

Ngwali hakumwelewa, akaenda. Kwenye lango la Baraza alikuta bango kubwa: KIMYA. KANUNI IMELALA. Akadhani amepotea tena, ameingia hospitali. Askari wa mlangoni akampokea viatu, akampa makubazi ya sufi, akaweka kidole midomoni, akamwingiza ndani kwa kunyata.

Katikati ya ukumbi palikuwa na meza kubwa ya mninga. Juu ya meza palikuwa na godoro, shuka nyeupe, mto uliotariziwa na chandarua kilichofungwa kwa utepe. Kitandani humo ilikuwa imelazwa karatasi moja, imefunikwa mpaka shingoni, hata mtu asiweze kusoma zaidi ya maneno "Kanuni za". Kando yake aliketi mama mnene mwenye kipepeo cha ukindu akiipepea taratibu. Huyo alikuwa Yaya wa Kanuni, cheo kikubwa katika nchi ile, na hakipatikani bila kiapo. Kuizunguka meza walisimama wazee wenye suti nzuri na miguu iliyovimba, wengine wakiyumba.

"Hawa wanafanya nini?" Ngwali alimnong'oneza Yaya.

"Kamati ya Usimamizi. Wanasimamia."

"Wanasimamia nini?"

"Huoni? Wamesimama."

Basi Yaya, aliyekuwa na hamu ya mtu wa kuzungumza naye, akamweleza. Sheria mama ya Usinzia ilisema hivi: kila kanuni atakayoitunga Waziri italala mezani pa Baraza kwa mwezi mmoja, na Baraza litaisimamia. Ngwali alihisi kwamba wazee walioandika maneno hayo walitaka wajumbe waisome karatasi na kuikagua kabla haijamwangukia mwananchi. Lakini wazee hao walikufa bila kufafanua, na wajukuu zao walikuwa watu wa kuheshimu maandishi. Imeandikwa italala, basi ilazwe. Imeandikwa litaisimamia, basi wasimame. Na kwa kuwa kitu hakisomeki bila kufunuliwa, na ukimfunua aliyelala ataamka, kusoma kanuni kulikuwa utovu wa adabu. Mwezi ukiisha kanuni huamka yenyewe, na iliyoamka hutembea nchi nzima ikiwa sheria.

"Na Baraza likitaka kuikataa?" Ngwali akauliza.

"Linayo haki kamili ya kuikataa," Yaya akasema. "Lakini utakataaje usichokisoma? Sisi si watu wa kukurupuka."

Msidhani kwamba Wasinzia wana mawazo mamoja. Wanagombana kama mawifi. Upande wa kulia wa ukumbi walikaa Wanyamavu, chama chenye Serikali, na upande wa kushoto Wakohozi, chama cha upinzani. Kwa kuwa kupaza sauti mbele ya kanuni ni kosa, na kwa kuwa sheria haiwezi kumwadhibu mtu kwa kikohozi alichopewa na Mungu, upinzani wa Usinzia hukohoa. Wana vikohozi vya kila namna: kikavu cha kupinga kodi, cha makohozi cha kudai uchunguzi, na kile kifupi cha puani ambacho ni dharau tu. Wanyamavu nao hujibu kwa kunyamazisha, shh, shh, mpaka ukumbi mzima unasikika kama kikaango cha mihogo.

Wakohozi walisema Serikali inatunga sheria gizani, kwamba nchi ni ya Baraza, na kwamba kanuni zote zifunuliwe na zisomwe. Wanyamavu walisema Serikali ilichaguliwa ifanye kazi, na kama kila kanuni itaamshwa na kila mwenye koo, hakuna litakalotendeka. Ngwali aliwapenda Wakohozi papo hapo. Mbele ya Yaya akamsifu kiongozi wao, Mheshimiwa Koo, kwa jinsi alivyokohoa kwa uchungu.

Yaya akatabasamu. "Kabla ya uchaguzi uliopita Koo alikuwa Waziri. Alitaka hata nzi wavishwe makubazi wakiingia humu. Aliyekuwa akikohoa ni yule pale, Mheshimiwa Shwari, kiongozi wa Wanyamavu. Kikohozi chake kilivunja kioo cha dirisha, si mchezo. Siku ya matokeo alipona."

"Na wewe uko upande gani, mama?"

"Mimi ni yaya, mwanangu. Nalaza wanaoletwa."

Kanuni iliyokuwa kitandani siku ile ilikuwa na historia yake. Mbuzi wa Spika alikuwa ametumbukia kisimani, na kwa kuwa mbuzi huyo alikuwa na uzito wa kisiasa, Waziri wa Maji alitangaza kwamba visima vyote nchini vitafunikwa. Akamwita mwandishi wake ili amtajie kanuni. Sasa, katika ofisi za Usinzia watu wamezoea kunong'ona hata pasipo na kanuni iliyolala, kwa kuonyesha utumishi bora. Waziri akanong'ona "vifunikwe". Mwandishi akasikia "vifukiwe", akaandika, Waziri akatia sahihi bila kusoma, karatasi ikapelekwa kitandani.

Hayo yalijulikana mpiga mbiu alipopita mtaa wa Mtoni jioni ileile, nakala ya wizara mkononi, akatangaza kwamba siku kanuni itakapoamka, visima vyote vifukiwe.

"Umesemaje wewe?" Bi Mosi alitoka na mwiko. "Vifunikwe?"

"Vifukiwe."

"Kufunika ni kuweka kifuniko. Kufukia ni kuzika! Mbuzi ndiye aliyetumbukia, mbona kinazikwa kisima?"

"Mama, mimi napiga mbiu, sipigi ramli. Nasoma kilichoandikwa."

Bi Mosi alisimama na mwiko wake mpaka uji ukaungua. Kisha akavaa kanga safi, akamwambia Ngwali, "Wewe umewahi kukaa ofisini, unajua wanavyosema. Nisindikize."

Waziri wa Maji aliwapokea vizuri sana. "Shikamoo mama," alisema, akamvutia kiti kwa mikono yake. Na alipoelezwa shida yenyewe alicheka kwa upole. "Ni vifunikwe, bila shaka! Nani mwenye akili timamu atafukia kisima? Mimi mwenyewe ninavyo viwili."

"Basi, baba, sahihisha hilo neno tukapike."

Waziri akashika tama. "Imeshalala, mama. Nikinyoosha mkono sasa nitakuwa nimeingilia madaraka ya Baraza. Na nikisema nimekosea, Wakohozi watapata la kukohoa mpaka mwakani. Serikali haikosei. Serikali hufafanua."

"Fafanua basi!"

"Ufafanuzi nao ni kanuni, lazima ulale. Na kitanda ni kimoja."

Wakaenda kwa Mheshimiwa Shwari. Huyo hakubisha hata kidogo. Alikiri kwamba neno ni baya, kwamba kwake pia kuna kisima, na kwamba mkewe alikuwa analia tangu mbiu ilipopigwa. "Lakini nikiwaruhusu hao waguse neno moja leo," alisema, "kesho watagusa sentensi, na keshokutwa watataka kusoma. Nitakifukia kisima changu kwa mikono yangu kabla sijawapa Wakohozi ushindi wa neno moja."

"Na mkeo?"

"Mke wangu ni mwanachama," akajibu Shwari, na machozi yalimlengalenga.

Mheshimiwa Koo ndiye aliyekuwa mjumbe wa mtaa wa Mtoni, na kwake walienda na matumaini. Alimkumbatia Bi Mosi, akampa chai ya tangawizi, dawa ya koo ambayo birika lake kwake halikauki. Akasikiliza huku akitikisa kichwa na kuwaita Wanyamavu wauaji. Bi Mosi akaona amefika.

"Kwa hiyo utaomba neno lirekebishwe, mwanangu?"

"Kurekebisha?" Koo alishtuka kama aliyetukanwa. "Mama, ukirekebisha kanuni mbaya unapata kanuni nzuri. Na hiyo nzuri itakuwa ya nani? Ya kwao! Sisi tunaipinga yote, kuanzia herufi ya kwanza."

"Kura mnazo?"

"Hatuna."

"Basi mtafanya nini?"

"Tutakohoa," alisema Koo, na alisema kwa uso wa mtu anayekwenda vitani.

Walirudi nyumbani. Bi Mosi alimwagilia tembele lake, akaketi kizingitini, akamtazama Ngwali.

"Huko kwenu, mwanangu, Waziri akitunga kanuni inakuwaje?"

"Huwekwa mezani pa Bunge," alijibu Ngwali, kwa majivuno kidogo.

"Halafu?"

"Halafu wabunge wana haki ya kuisoma."

"Sikukuuliza haki. Huisoma?"

Ngwali akaomba maji ya kunywa. Alikuwa amebeba sheria ndogo nyingi katika utumishi wake, na alizikumbuka jinsi zilivyorudi kutoka mezani zikiwa zimefungwa na kamba ileile, kwa fundo lilelile alilolifunga yeye. Bi Mosi hakumsukuma zaidi, na jambo hilo lilimuuma Ngwali kuliko kama angemcheka.

Siku ya mwisho ya mwezi Bi Mosi alikwenda Barazani. Ngwali alikaa naye kwenye viti vya wageni. Wakohozi walikuwa wamejiandaa: walikohoa kwa zamu, kisha kwa pamoja, Koo akiongoza kwa kidole kama mwalimu wa kwaya, na Wanyamavu wakawanyamazisha mpaka mate yakawaruka. Kamati ya Usimamizi ilisimama wima, na mzee mmoja alishangiliwa kwa kupungiwa vitambaa kwa sababu hakuwa amekaa tangu asubuhi. Kelele zote hizo zilipimwa vizuri. Ngwali aliangalia kwa makini akaona kwamba kila kikohozi kilipokaribia kuitikisa karatasi, mkohozi alijiziba mdomo. Hawakutaka iamke. Ikiamka wangelazimika kuisoma, na wakiisoma wangelazimika kuwa na la kusema.

Ndipo Bi Mosi aliposimama. Hakukohoa. Alipaza sauti aliyoizoea ya kuitana uani kwa uani:

"Jamani! Neno moja tu! Vifunikwe, si vifukiwe! Inueni hiyo shuka, mtu mmoja afute neno, kisha mlale mpaka kiama!"

Ukumbi uliganda. Kipepeo kilimponyoka Yaya, upepo wake ukapita chini ya chandarua, na karatasi ikainuka ukingo mmoja, ikatua tena. Yaya akainama, akatega sikio.

"Imegeuka," alisema.

Hapo mjadala ukawaka, wote kwa kunong'ona. Shwari alisema kilichogeuka hakijaamka, na akatoa mfano wa mkewe. Koo alisema kugeuka ni mwanzo wa kuamka, na kwa kuwa imegeuzwa na mwananchi aliyechoka, sifa ni ya Wakohozi. Shwari akasema mwananchi huyo ametumwa. Koo akasema hakutumwa, ila kama ametumwa ametumwa na historia. Spika, ambaye bado alikuwa na majonzi ya mbuzi wake, alitoa uamuzi kwamba kanuni imegeuka katika usingizi halali, na akamwagiza Yaya aibembeleze. Yaya akaanza wimbo, Wanyamavu wakaitikia, kisha Wakohozi nao wakaitikia, sauti chini, wakiyumba pamoja, na wengine walipangusa machozi. Ilikuwa mara ya kwanza Ngwali kuwaona wakipendana. Neno lenyewe hakuna aliyelitaja.

Askari walimbeba Bi Mosi makwapani, kwa heshima, wakamtua nje langoni. Mheshimiwa Koo akamfuata mbio.

"Mama, umetusaidia sana! Wananchi wamewaona hao walivyo."

"Na kisima changu?"

"Kisima chako kitakuwa shahidi wetu."

"Shahidi wa kutoa ushahidi," aliuliza Bi Mosi, "au shahidi wa kufa?"

Koo akafikiri. "Vyote viwili," alisema.

Kesho yake kanuni iliamka. Msimamizi wa genge la kufukia alikuwa Chande, jirani wa Bi Mosi, mtu mpole ambaye hakuwahi kumkosea mtu. Alikuja na watu wake na makoleo, akasubiri mkewe mwenyewe ajaze ndoo za mwisho, akamwambia Bi Mosi, "Nisamehe mama, mimi natekeleza tu." Bi Mosi aliketi juu ya kigoda, na watu wa mtaa walisimama ukutani na ndoo zao. Mwanzoni udongo ulikuwa ukianguka majini, chubwi, chubwi. Alivumilia. Kisha sauti ikabadilika, udongo ukawa unaangukia udongo, na hapo Bi Mosi akalia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze. Ngwali alitaka kumpiga mtu, akakosa wa kuanza naye.

Visima vilifukiwa nchi nzima. Waziri alifukia vyake viwili. Shwari alifukia chake mbele ya waandishi wa habari, akicheka, mkewe amesimama nyuma yake na fulana ya chama. Maji yakawa ya kufuatwa kwenye madimbwi ya machimbo ya mawe, nusu siku kwenda na kurudi, na yalinuka. Mchicha wa Bi Mosi ulikufa kwanza, tembele likajikaza kidogo, nalo likafa. Watu wakaanza kuumwa matumbo. Ngwali angeweza kuondoka, lakini kila alipofunga mzigo aliona aibu akaufungua.

Uchaguzi ulipofika, Wakohozi walibandika kila ukuta picha ya Bi Mosi akilia, na chini yake: KUMBUKENI KISIMA. Hawakumwomba ruhusa. Waliahidi kulisahihisha lile neno, wakashinda kwa kishindo. Asubuhi yake vyama vilibadilishana viti, Wakohozi wakaenda kulia na Wanyamavu kushoto, na kwa kuwa majina hufuata viti, vyama vikabadilishana majina pia. Mheshimiwa Koo alipona kikohozi kabla ya chai ya saa nne. Mheshimiwa Shwari alianza kuwashwa kooni wakati huohuo, na adhuhuri kikamkamata hasa.

Koo alichukua Wizara ya Maji. Bi Mosi alimkuta ofisini, amevaa makubazi ya sufi, birika la tangawizi limekwisha kuondolewa.

"Hongera, mwanangu. Sasa nifukulie kisima changu."

"Ahadi ni ahadi, mama," Koo alinong'ona. "Tuliahidi kusahihisha neno, na tumelisahihisha. Kanuni mpya imelazwa jana: visima vyote vifunikwe."

"Lakini vimeshafukiwa! Utafunika nini? Neno linalotakiwa sasa ni vifukuliwe."

Koo alichukua ilani ya chama, akaipekua kurasa zote kwa uaminifu, akaifunga. "Vifukuliwe haimo."

"Nikikifukua mwenyewe?"

"Kufukua kilichofukiwa kisheria ni kulidharau Baraza. Ila usikate tamaa. Peleka pendekezo, na hii ikishaamka..."

"Ukaifunue basi! Uliapa kwamba zitafunuliwa na kusomwa. Ulikohoa mpaka ukatema damu!"

"Polepole, mama," Waziri Koo alimsihi, akiangalia mlango. "Imelala."

Barazani Shwari alikuwa akikohoa kwa nguvu mpya dhidi ya kanuni hiyo. Alisema Serikali haina mamlaka ya kumfunikia mtu kisima chake bila Baraza kuona, kwamba kifuniko ni mwanzo wa udikteta, na kwamba chama chake kilipokuwa madarakani hakikumfunikia mtu yeyote. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Kanuni ililala mwezi wake salama, kamati mpya ikisimama kuizunguka, ikaamka.

Chande akaja tena uani kwa Bi Mosi, safari hii peke yake, amebeba begani kifuniko kizito cha mbao na koleo mkononi. Jua lilikuwa kali. Alisawazisha udongo mahali palipokuwa na kisima, akakitua kifuniko juu ya ardhi kavu, akakirekebisha upande huu na ule mpaka kikakaa sawasawa, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya kazi vizuri. Bi Mosi na Ngwali walimtazama kutoka kizingitini. Alipomaliza alijipangusa jasho kwa mkono wa shati, akalamba midomo iliyokauka.

"Mama," alisema, "huna maji hata kidogo ya kunywa?"

Bi Mosi alikionyesha kifuniko kwa kidole. "Maji yapo palepale ulipoyaacha, Chande. Na koleo unalo."

Chande alikitazama kifuniko, kisha akatazama njia kama anayeogopa kusikiwa. "Basi si kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Nitakunywa nyumbani."

"Nyumbani kwako," Bi Mosi akauliza, "mlikuwa mnakunywa ya wapi?"

Chande alisimama pale, mtu mzima mwenye watoto, na uso wake ulikuwa ukibadilika kidogo kidogo kama wa mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza. Mwishoni aliliegemeza koleo ukutani, akaondoka bila kulichukua na bila kugeuka nyuma. Bi Mosi akainuka. Alikishika kifuniko ukingo mmoja, akakivuta mpaka kikapinduka na kuanguka juu ya tuta la mchicha uliokufa, na mshindo wake ulisikika mtaa mzima. Akachukua koleo. Kisha akamgeukia karani.

"Wewe nawe, mgeni. Vua koti."

Hapo ndipo Ngwali anapoiachia hadithi yake, nami siwezi kuwaongezea nisichopewa. Nilimwuliza tu kama waliyafikia maji. Alinifungulia viganja vyake, vya mtu aliyeshika kalamu maisha yake yote, nikaona sugu.